Kuuliza kwa Kituruki: swali halikai kwenye sauti, linakaa kwenye "mi"

Swali la msomaji: "Nimepata nafasi ya masomo Uturuki na niko kwenye mwaka wa maandalizi ya lugha. Maneno ninayo ya kutosha, lakini nikiuliza kitu watu ama wananitazama tu, ama wananijibu kana kwamba nimewapa habari. Kituoni nilimwambia mzee mmoja 'Otobüs geldi?', akanijibu 'Yok, gelmedi' (hapana, halijafika) kama mtu anayenisahihisha. Darasani nachanganya geldin mi na geliyor musun: kwa nini kiishio cha 'wewe' kule kiko kwenye kitenzi na huku kiko kwenye mu? Na mtu akiniuliza 'Gelmiyor musun?' (huji?) nikajibu 'evet' (ndiyo), tunapotezana kabisa. Naomba mwongozo."

Ndugu msomaji, kosa la kituoni limetoka kwenye Kiswahili chako, na karibu kila Mswahili anayejifunza Kituruki hulipitia. Sisi tukisema "Basi limefika" tunatoa habari. Tukipandisha sauti mwishoni, maneno yale yale yanakuwa swali. "Je" tunaiweka tukitaka na kuiacha tukitaka. Kituruki hakikupi uhuru huo. Swali la ndiyo au hapana hubeba kineno mi, na kisipokuwapo, sikio la Mturuki linasikia taarifa au mtu aliyeshangaa. Yule mzee alikusikia ukimwambia kwamba basi limefika, naye analitafuta halioni. Ulitakiwa kusema Otobüs geldi mi?

Kineno hiki kina sura nne, na sura huchaguliwa na irabu ya mwisho ya neno lililotangulia. Baada ya a au ı ni mı: Var mı? "Ipo?", Kapalı mı? "Pamefungwa?" Baada ya e au i ni mi: Güzel mi? "Ni nzuri?" Baada ya o au u ni mu: Yok mu? "Haipo?", Doğru mu? "Ni sahihi?" Baada ya ö au ü ni mü: Büyük mü? "Ni kubwa?" Ukiisikiliza midomo yako hutahitaji jedwali. Irabu iliyotangulia ikiwa ya midomo iliyoviringwa, midomo inabaki imeviringwa. Ulimi ukiwa nyuma unabaki nyuma, ukiwa mbele unabaki mbele.

Tatizo letu ni kwamba irabu tatu kati ya hizo hatunazo. Kupata ü, sema "i" ndefu, kisha viringa midomo kama unayepuliza moto bila kuusogeza ulimi. Kupata ö, fanya hivyo hivyo ukianzia na "e". Kwa ı, ile isiyo na nukta, anza na "u" halafu nyoosha midomo iwe bapa. Nukta si pambo: ı na i ni herufi mbili tofauti tangu alfabeti ya Kilatini ilipopitishwa mwaka 1928, hata kwa herufi kubwa (I na İ). Kwa konsonanti, c ni "j" yetu, ç ni "ch" na ş ni "sh".

Yapo maneno machache yaliyotoka lugha nyingine ambayo hayafuati irabu yake ya mwisho. Saat "saa" lina a, lakini ni saat mi?, na gol lina o, lakini shabiki anauliza Gol mü? Ukitaka kuyatambua, tazama wingi wake: ni saatler na goller, siyo saatlar wala gollar. Neno linalochukua -ler huchukua mi au mü.

Kwenye maandishi, mi husimama peke yake, mbali na neno lililotangulia, lakini chochote kinachoifuata hushikana nayo. Andika Geliyor musun?, siyo Geliyormusun? Waturuki wenyewe huandika kimakosa hivyo kwenye ujumbe wa simu, kwa hiyo usijifunze tahajia kutoka huko. Kwa mdomo hakuna pengo: unatamka kama neno moja. Mkazo hapo ndipo tunapoumia. Kiswahili kimetuzoesha kukazia silabi ya pili kutoka mwisho, basi tunasema "öğrenci Mİsin". Kineno hiki hakikaziwi kamwe. Sauti inapanda kwenye silabi iliyo kabla yake kisha inashuka: öğrenCİ misin? "wewe ni mwanafunzi?", gelDİN mi? "umekuja?" Ukikazia misin, msikilizaji anapoteza muda kutafuta ni neno gani hilo.

Sasa lile la geldin mi na geliyor musun. Kituruki kina seti mbili za viishio vya nafsi, na hazina tabia moja. Seti ya kwanza ni -m, -n, -k, -niz, inayotumika na wakati uliopita wa -di na sharti la -se. Hizi zimegandamana na kitenzi na haziachi: geldim, geldin, geldik, geldiniz. Swali linakuja baada ya yote: Geldin mi? Gördünüz mü? "Mmeona?" Seti ya pili ni -im, -sin, -iz, -siniz. Itazame vizuri utaona ben, sen, biz, siz ndani yake, yaani mimi, wewe, sisi, ninyi. Kwa asili ni viwakilishi vilivyofuata nyuma ya neno, na hadi leo vinahamahama. Mi ikitokea, vinaondoka kwenye kitenzi na kuishika mi:

Geliyorsun. "Unakuja." Geliyor musun? "Unakuja?"
Geleceksiniz. "Mtakuja." Gelecek misiniz? "Mtakuja?"
Öğrenciyim. "Mimi ni mwanafunzi." Öğrenci miyim? "Mimi ni mwanafunzi?"
Hazırız. "Tuko tayari." Hazır mıyız? "Tuko tayari?"

Makosa mawili yanayotoka hapa ni Geldi misin? na Geliyorsun mu? Yote yanazaliwa na kuchanganya seti. Kabla ya kufungua kinywa jiulize: "wewe" katika sentensi hii ni -n tupu au ni -sin? Ikiwa ni -n, inabaki ilipo; ikiwa ni -sin, inahama. Wingi wa nafsi ya tatu, -ler au -lar, haukusumbui, kwa sababu unabaki kwenye kitenzi: Geldiler mi? Geliyorlar mı? Kwa "ulikuwa", -di yenyewe inahamia kwenye mi ikibebwa na y: Evde miydin? "Ulikuwa nyumbani?", Uyuyor muydun? "Ulikuwa umelala?"

Kuna sura moja utakayoipenda kwa sababu inalingana na Kiswahili neno kwa neno. Sisi tunauliza "Nifungue?", "Twende?", na Waturuki wanauliza Açayım mı?, Gidelim mi? Ndiyo njia ya kujitolea: Çay koyayım mı? "Nikumiminie chai?"

Hilo ni umbo. Uzuri wa mi uko kwenye mahali inapokaa, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Mi husimama nyuma kabisa ya kitu unachokitilia shaka. Chukua sentensi Yarın Ankara'ya otobüsle gidiyorsun, "Kesho unakwenda Ankara kwa basi." Ukiweka mi kwenye kitenzi, gidiyor musun?, unauliza safari nzima: ipo au haipo. Lakini sema Ankara'ya mı gidiyorsun? na msikilizaji anaelewa kwamba safari unaijua, unachouliza ni kama ni Ankara au kwingine. Otobüsle mi gidiyorsun? ni "kwa basi, au kwa kitu kingine?" Sen mi gidiyorsun? ni "ni wewe unayekwenda?" Kwa Kiswahili tunafanya kazi hiyo kwa "ni" na o-rejeshi: "Ni Ankara unakokwenda?", "Ni wewe unayekwenda?" Kituruki hakihitaji kuivunja sentensi. Kinasogeza kineno tu. Angalia lakini kwamba mi ikiondoka kwenye kitenzi, kiishio cha nafsi kinarudi nyumbani: ni Ankara'ya mı gidiyorsun?, wala haiwezekani kusema "Ankara'ya mısın gidiyor".

Mazoezi yake ni rahisi na hayachoshi. Andika sentensi moja yenye vitu vinne: nani, lini, wapi, kitenzi. Soma kwa sauti ukiihamisha mi kutoka kitu kimoja hadi kingine, kisha jibu kila swali kwa kurekebisha kile tu kilichoulizwa: Otobüsle mi gidiyorsun? Hayır, trenle, "Hapana, kwa treni." Sentensi tatu kwa siku zinatosha. Baada ya wiki mbili utaanza kusikia mi ya wenzako ikigonga mahali tofauti, na hapo maana itakuwa inakuja yenyewe.

Maneno ya kuulizia, yaani nani, nini, wapi na wenzake, yanafuata kanuni nyingine. Yakiwepo, mi haiingii. Nereye gidiyor musun? ni kosa, sema Nereye gidiyorsun? Tena nafasi yake ni kabla ya kitenzi, kwa kawaida jirani yake kabisa, kinyume na sisi. Tunasema "Unakwenda wapi?", wao wanasema "Wapi unakwenda?" Ukisema Gidiyorsun nereye? utaeleweka, lakini kama mtu aliyekumbuka swali akiwa ameshamaliza sentensi.

"Wapi" yetu moja inafanya kazi za watu watatu. "Unakaa wapi", "unakwenda wapi" na "unatoka wapi" zote ni wapi, kwa sababu kitenzi chetu kimeshabeba mwelekeo. Kituruki kinauweka mwelekeo kwenye neno la swali lenyewe: nerede ni mahali ulipo, nereye ni unakoelekea, nereden ni unakotoka. Nerede oturuyorsun? Nereye gidiyorsun? Nereden geliyorsun? Mwenyeji wa wapi ni Nerelisin? na "hapa ni wapi?" ni Burası neresi? Hospitalini utasikia Nereniz ağrıyor?, "Unaumwa wapi?" Neno kwa neno ni "wapi yako inauma", na jibu linakuja kwa mtindo ule ule: Başım ağrıyor, "kichwa changu kinauma".

Nani nayo inabadilika. Kim ni nani anayetenda, kimi ni nani anayetendwa. Asha'yı kim gördü? ni "Nani amemwona Asha?", na Asha kimi gördü? ni "Asha amemwona nani?" Uangalifu unahitajika hapa kwa sababu ulimi wetu hupenda kumalizia neno kwa irabu, na mtu anayeitamka kim kama "kimi" ameshageuza swali zima bila kujua. Funga midomo kwenye m na uishie hapo. Fanya vivyo hivyo na kaç, "ngapi": ni "kach" kavu. Sura nyingine za kim zinafuata viishio unavyovijua: kime "kwa nani", kimden "kutoka kwa nani", kimin "ya nani", kiminle "na nani".

Kaç ni "ngapi" ya vitu vinavyohesabika, na nomino inayoifuata inabaki umoja daima. Sisi tunasema "vitabu vingapi". Wao ni kaç kitap, kana kwamba ni "kitabu ngapi". Kaç kitaplar ni kosa la kila siku. Kaç kardeşin var? "Una ndugu wangapi?", Kaç gün kalacaksınız? "Utakaa siku ngapi?" Kwa bei na kiasi kisichohesabika tumia ne kadar: Bu ne kadar? "Hii bei gani?", Ne kadar sürer? "Inachukua muda gani?" Ukitumwa na ndugu wa Kariakoo kununua nguo za jumla Laleli, Istanbul, utahitaji Seride kaç adet var?, "Seti moja ina vipande vingapi?", kwani huko hawauzi kipande kimoja kimoja bali seri, yaani fungu lenye saizi zote. Ongeza Başka rengi var mı? "Ipo rangi nyingine?" na İndirim yapar mısınız? "Mtapunguza?"

"Gani" igawe mara mbili. Ikiwa unachagua kati ya vilivyopo, yaani Kiswahili kingesema "lipi" au "kipi", tumia hangi: Hangi otobüs? "Basi lipi?" Ikiwa unauliza aina, tumia ne au nasıl bir: Ne iş yapıyorsun? "Unafanya kazi gani?", Nasıl bir ev arıyorsunuz? "Mnatafuta nyumba ya namna gani?" Kwa sababu una neden, niçin na niye. Maana ni moja, ila niye ni ya mazungumzo ya watu waliozoeana na mara nyingi ina ladha ya "mbona": Niye aramadın? "Mbona hukupiga simu?"

Saa inastahili tahadhari ya pekee. Saat kaç? ni "Saa ngapi sasa?", na Saat kaçta? ni "Kitu kitakuwa saa ngapi?" Jibu usilichukue kwa hesabu yetu. Saat sekizde ni saa mbili, siyo saa nane, na kwa kosa hili watu wamekosa mabasi na mitihani. Waturuki wa zamani walihesabu kama sisi, kumi na mbili ikiwa ni machweo. Waliacha kwa sheria ya Desemba 1925. Siku hizi ongeza au ondoa sita.

Kuhusu adabu, usiombe kitu kwa -iyor, wakati wa jambo linaloendelea. Kapıyı açıyor musun? inauliza kama uko katika kufungua mlango. Ombi hutumia wakati wa kudumu, ule wa -r: Kapıyı açar mısınız? "Naomba ufungue mlango." Hivyo hivyo Çay içer misin? ndiyo "Utakunywa chai?" ya kumkaribisha mtu. Kumwita mhudumu ni Bakar mısınız?, na kwako mwenyewe tumia -ebilir miyim: Girebilir miyim? "Naweza kuingia?", Bir şey sorabilir miyim? "Naomba kuuliza." Usiyemjua, mkubwa na mtu wa ofisini wote ni siz, hata akiwa mmoja. Majina ya kumwitia mtu hayatakupa shida, maana Waturuki huitana kindugu kama sisi: abi kwa kaka, abla kwa dada, amca kwa makamo ya baba mdogo, teyze kwa makamo ya mama mdogo, na hocam kwa mwalimu. Abi, bu otobüs Taksim'e gider mi?, "Kaka, basi hili linakwenda Taksim?", itakufikisha mbali kuliko sentensi ndefu isiyo na abi. Na usiposikia, usiseme Ne? kavu. Sema Efendim?, ambayo ndiyo "abee" au "naam" yao. Marafiki wakisalimiana kwa Ne haber? umeshawaelewa: ni "habari gani", na haber ni habari yetu ile ile ya Kiarabu.

Ukimpa mtu achague, mi inarudiwa: Çay mı kahve mi?, au Çay mı içersin, yoksa kahve mi? Hapa "au" ni yoksa. Ukisema Çay veya kahve içer misin? umeuliza kama atakunywa chochote kati ya hivyo, na jibu lake halali ni evet.

Swali lililofichwa ndani ya sentensi, kama "Sijui kama atakuja", lina muundo wake mzito: Gelip gelmeyeceğini bilmiyorum. Utaufikia. Kwa sasa Gelecek mi bilmiyorum inatosha kabisa kwenye mazungumzo. Ukitaka kujiuliza kwa upole anza na acaba, ndugu wa "ajabu" yetu: Acaba gelecek mi? "Sijui atakuja?"

Limebaki la evet. Sisi tukiulizwa "Huji?" tunaweza kujibu "Ndiyo", tukimaanisha "ndiyo, siji". Kwa Kituruki evet tupu baada ya Gelmiyor musun? inaweza kueleweka pande mbili, na ndiyo sababu mnapotezana. Dawa yake ni kurudia kitenzi kila mara: Gelmiyorum, "Siji", au Geliyorum, "Nakuja". Kitenzi hakina utata, na wenyeji hujibu hivyo kila siku. Ukitaka uhakika wa jambo unalodhani unalijua, malizia kwa değil mi?, "sivyo?": Yarın geliyorsun, değil mi?

Na usisubiri jibu la maneno tu. Mtu akipandisha nyusi, au akirudisha kichwa nyuma kidogo na kutoa mlio mmoja mfupi wa ulimi kwenye meno, wanaouandika cık, amesema hapana. Si msonyo, wala hajakudharau. Ekmek var mı? Cık. Mkate hakuna, uliza duka la pili.